Kaseti Iliyofukuza Ndege

Emerensiana Ndunguru hakuwa mtu wa kusema "labda". Kahawa yake ikichelewa kuiva, alisema itaiva, na iliiva. Basi la kutoka Mbinga likiharibika njiani, alisema litapona, na ama lilipona ama yeye alishuka akatembea. Kwa hiyo aliposimama mlangoni pa ukumbi kule Mbamba Bay, Jumapili moja ya mwezi wa tano, amemshika Luisa mkono kama anapeleka mtoto chekechea, alirudia neno lile lile alilolisema tangu walipotoka kijijini kwao Ukata.

"Leo utamsikia mama yako."

Luisa ni mtu mzima, ana watoto watatu na shamba lake mwenyewe, lakini aliuacha mkono wake ushikwe hivyo hivyo. Mama yake, Anjelina, alifariki siku ile ile aliyomzaa. Baba alihamia Tunduru akaoa huko, na marehemu akaacha picha moja tu ya kipaimara ambayo unyevu ulishaila uso. Emerensiana, mdogo wa marehemu, ndiye aliyemchukua kichanga akamlea, ila hakukubali hata siku moja Luisa amwite mama, ingawa wengine walimwita Mama Luisa. "Mama yako yupo, katangulia tu. Mimi ni mama mdogo," alimwambia tangu hajaota meno. Luisa akakua na mama mdogo asiye na mkubwa wake, na utotoni alikuwa akiuliza swali moja hadi watu wakachoka: mama alikuwa anaongeaje?

Sasa, jibu la swali hilo lilikuwa kwenye kaseti, na kaseti ilikuwa ya mashabiki wa Ngurumo za Nyasa.

Wewe uliyezaliwa juzi huwajui Ngurumo, na pole yako. Hao hawakuwa wapiga dansi wa kutikisa bega taratibu huku wakichungulia saa. Walikuwa na magitaa matatu ya umeme, jenereta lao wenyewe, na mwimbaji aliyevaa miwani myeusi hata mvua ikinyesha. Gitaa lao lilikuwa likilia kama bati linachanwa, na wazee walisema ni la shetani huku wakitikisa mguu chini ya kiti. Mwishoni mwa mwaka themanini na nane walizunguka Ruvuma nzima juu ya lori: Songea, Mbinga, hadi huku ziwani. Baada ya hapo bendi ikavunjika, kila mmoja akashika lake. Kilichobaki ni mashabiki, nao sasa wana mvi na visukari, na ndio walioitana kwa simu hadi wakapata kundi la watu arobaini na ukumbi wa kukutania.

Sheria ya mlangoni ilikuwa moja: uwe ulikuwepo kwenye ziara ile, na uje na kumbukumbu. Mlangoni alisimama mwenyekiti, Pankras, fundi redio wa Mbinga, tumbo likipigana na fulana ya ziara aliyoinunua akiwa mwembamba.

"Mama Luisa, karibu," alisema. "Lakini huyu binti simkumbuki. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Alikuwepo."

"Ana miaka mingapi?"

"Alikuwepo tumboni, na mama yake alicheza kuliko wewe. Hebu sogea."

Pankras akacheka akasogea. Emerensiana akiamua jambo, kumpinga ni kujichosha bure.

Ndani kulikuwa na harufu ya usipa wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na kahawa ya Mbinga. Walikubaliana kufanya kama sengu, kile kikao cha ukoo cha Wamatengo ambapo watu hula chungu kimoja kwanza ndipo waseme, maana mwenye njaa huwa na kumbukumbu kali mno. Walikula, wakanawa, kisha kila mtu akatoa alichokuja nacho.

Tarsisi wa Mpepai alitoa kijiti cha ngoma. Kilimponyoka mpigaji kule Mbinga kikampiga Tarsisi kwenye paji la uso, na kovu analo. Alivipitisha vyote viwili, kijiti mkononi na kovu usoni, watu wakavigusa. Gaudiosa, mama muuza duka, alitoa uzi wa gitaa aliookota jukwaani. Uzi ule amekuwa akikatia sabuni za mche miaka yote hii, na hadi leo, alisema, haujalegea. Mwingine akatoa suruali yenye miguu mipana chini, iliyotafunwa na panya. Hapo watu walicheka hadi wakafuta machozi, maana mwenye suruali alitaka kuivaa na mkewe akamkatalia mbele ya kadamnasi.

Ikafika zamu ya Emerensiana. Alisimama, akavuta kitenge vizuri.

"Mimi sina kitu mkononi," alisema. "Kumbukumbu yangu iko kwenye kaseti ya Mzee Joakim. Ni ya onyesho la Ukata."

Minong'ono ikaanza. Pankras akageuka kuwaonyesha watu mgongo wa fulana yake, palipoandikwa miji yote ya ziara. Ukata haikuwemo.

"Fulana zilichapishwa kabla mvua hazijabeba daraja," alisema Emerensiana. "Lori lilizungukia kwetu likazama kwenye tope mbele ya ghala la kahawa. Vijana wa Ukata tukasema tutalitoa, lakini kwanza mpige. Wakapiga hapo hapo, juu ya lori, mchana kweupe. Joakim alikuwepo, alikuwa anawafuata kila mahali na redio kaseti yake kama mlinzi. Mzee Joakim, nadanganya?"

Mzee Joakim, mwenyeji wa pale pale Mbamba Bay, akatikisa kichwa. "Hudanganyi. Tena tope lile lilikula kiatu changu."

"Basi sikilizeni. Saa kumi na mbili jioni muziki umekolea, vumbi hakuna kwa sababu ya mvua, ni tope tupu linaruka. Mara kengele ya kanisa ikalia. Nyote mnatujua. Tukasimama pale pale tulipo, mguu wa mtu ukiwa hewani aliuteremsha taratibu. Mikono kifuani, kimya. Bendi wale watu wa mbali, hawakujua Malaika wa Bwana, sala yetu ya kengele ya jioni, ni nini. Waliona umati mzima umewagomea ghafla. Mpiga ngoma akaacha, magitaa yakaacha, yule wa miwani akaivua kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa ya mtu anayetafuta pa kukimbilia."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Na wa kutuongoza sala hakuna. Katekista Baltazar alikuwepo, tena alikuwa amelowa jasho, lakini alikuwa ametukataza kanisani tusiende kwenye ngoma za umeme, kwa hiyo alijificha nyuma ya magunia. Ndipo dada yangu Anjelina akapanda kwenye lori. Yule mwimbaji alidhani anakuja kuimba, akampa kipaza sauti. Dada akatusalisha watu wote wa Ukata kwa kipaza sauti cha Ngurumo za Nyasa. Tukamaliza, tukafanya ishara ya msalaba, na kabla mkono haujafika bega la pili tulishaanza kucheza. Wale jamaa walipiga siku ile kama watu waliofufuliwa." Akamwonyesha Luisa kwa kidole. "Mwaka uliofuata dada alifariki akimzaa huyu. Huyu hajawahi kuisikia sauti ya mama yake. Nimemleta aisikie. Mwenyekiti, washa."

Watu walikuwa wameacha kucheka. Aliyekuwa na mtambo ni Ambokile, Mnyakyusa wa Tukuyu, bwana afya wa wilaya tangu ujana wake, ambaye aliwaona Ngurumo pale Mbinga na hajapona. Joakim alimkabidhi kaseti baada ya Pasaka, naye akaihamishia kwenye kompyuta yake kwa mikono yake. Alibonyeza, na spika zikanguruma.

Ilikuwa yenyewe. Gitaa la bati linalochanwa, vifijo, mbwa mmoja wa Ukata akibweka. Emerensiana alimbana Luisa mkono. Kengele ikalia, kwa mbali, mara tatu. Gitaa likasitasita, likanyamaza.

Halafu papo hapo wimbo mwingine ukaanza.

"Rudisha," alisema Emerensiana.

Ambokile akarudisha. Kengele, gitaa likasita, wimbo mwingine.

"Bwana Afya, hapo katikati pako wapi?"

"Pale?" Ambokile alitabasamu kama fundi anayesubiri kusifiwa. "Pale palikuwa pameharibika, mama. Muziki ulikatika kama dakika tatu hivi, mtu anasemasema, watu wananong'ona. Nikapakata ili kazi itoke safi. Hata husikii pa kuungia, au siyo?"

Ambokile ni Mmoraviani. Kengele kwake ni kengele. Alitazama nyuso za watu mmoja mmoja na tabasamu likamwisha lenyewe.

"Ulivyokata, uliviweka wapi?" aliuliza Emerensiana.

"Nilifuta, mama. Nilidhani ni kimya tu."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, baba. Umekata mshindo." Alisema bila kupaza sauti, na Ambokile angeona nafuu kama angepaza. Luisa alikuwa ameshainama anatafuta kandambili zake, tayari kuondoka, kama mtu aliyezoea. Hilo ndilo lililomuuma Emerensiana zaidi, jinsi alivyokuwa mwepesi kukata tamaa. Akamshika bega akamkalisha. "Hatujamaliza. Kaseti yenyewe iko wapi?"

"Nilimrudishia Mzee Joakim," alisema Ambokile haraka.

Mzee Joakim akajikuna kisogo. Alimtazama mkewe, Hilda, aliyekuwa anakusanya sahani. Hilda akamtazama yeye.

"Si uliniambia haina kazi tena?" alisema Hilda. "Ulisema sasa imo kwenye kompyuta."

"Ukaifanyaje, mama?" aliuliza Luisa. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

"Nimefukuzia ndege, mwanangu. Mpunga unaiva."

Watu wa ziwani walielewa mara moja, wakashika vichwa. Wa milimani ilibidi waelezwe. Mpunga ukianza kuiva, ndege hushuka kwa maelfu, na dawa yake ni kuutoa utepe wa kaseti na kuufunga kwenye vijiti kuzunguka shamba lote. Upepo wa ziwa ukiupiga utepe, unavuma na kumeta, na ndege wanaogopa kutua. Kaseti kuukuu hutafutwa kipindi hicho kuliko dhahabu. Sauti ya Anjelina ilikuwa inalinda mpunga wa Hilda.

"Lini?" aliuliza Emerensiana.

"Wiki iliyopita."

"Jua halijaumaliza. Shamba liko wapi?"

"Hapo tu, nyuma ya zahanati. Lakini mama Luisa, utepe uliokaa juani na umande..."

"Mimi nimeuliza shamba liko wapi."

Basi wakatoka. Laiti ungewaona. Mbele Emerensiana na kitenge kimekazwa kiunoni, nyuma yake Hilda, kisha mwenyekiti na tumbo lake, Tarsisi na kijiti, Gaudiosa, Ambokile amevua viatu vya ofisini anavibeba, na msururu wa wazee wenye fulana za ziara. Waliokuwa wakitoka kanisani walisimama kuuliza nani kafariki. Pankras aliwajibu kuwa hakuna aliyefariki, kuna anayetafutwa.

Utepe ulikuwepo. Ulizunguka shamba kwenye vijiti vya mianzi, unameta na kuvuma, na ndege walikuwa wamejipanga kwenye mti wa jirani wakisubiri zamu yao. Hilda alikuwa ameufunga mzimamzima, maana utepe mrefu ndio unaovuma vizuri, na ganda la kaseti alikuwa amelitunza kwenye kopo la mbegu kwa sababu hatupi kitu. Pankras alifungua ganda kwa kisu, akachagua watu wenye mikono mikavu, akatoa amri. Mmoja afungue kijiti, mwingine ainue utepe usiguse tope, mwingine aufute kwa kanga, yeye mwenyewe auvingirishe kwa kalamu, taratibu. Palikuwa pamekatika mara mbili. Alipaunga kwa plasta ya karatasi aliyokwenda kuazima zahanati, akikata kwa wembe, ulimi nje.

Ambokile ndiye aliyeingia kwenye maji kuliko wote. Kila utepe ulipodondokea mpunga aliingia hadi magotini akauokota kwa vidole viwili kama anaokota yai. Luisa alimpokea kila mara. "Nisamehe, dada," alimwambia mara ya tatu. "Ningejua." Luisa akamwambia shika vizuri hapo, usiuvute.

Walipomaliza, ndege walishuka wote kwa pamoja kwenye mpunga. Hilda aliwatazama, akasema wale tu, atavuna watakachobakiza.

Redio kaseti ilikuwa ya Hilda pia, anayosikilizia kwaya. Waliiweka juu ya meza ukumbini, Pankras akaingiza kaseti na kutega sikio kama daktari. Mwanzo ilikuwa kelele tupu. Kisha gitaa likatoka, limelegea, linapanda na kushuka kama mlevi, lakini gitaa. Watu wakapumua. Kengele ikalia. Muziki ukakatika.

Ikaja sauti ya msichana, karibu sana, kana kwamba ameinama juu ya meza ile.

"Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria."

Na ukumbi mzima ukasimama ukajibu kwa sauti moja.

Wangefanyaje? Tangu utotoni watu hawa wakisikia mstari ule wanajibu, wawe shambani, sokoni au wamelala. Walijibu kwa nguvu, mikono kifuani, Tarsisi kwa besi yake ya kwaya, na wakaendelea na Salamu Maria hadi mwisho. Sauti ya kwenye redio ikazama yote chini ya sauti zao. Emerensiana aliwapungia mikono, akawaambia nyamazeni, hawakumsikia, na walipofanya ishara ya msalaba gitaa lilikuwa limeshaanza upya. Ndipo wakatambua. Wakabaki wamesimama wanatazamana kama watoto waliovunja mtungi.

"Rudisha," alisema Emerensiana.

Pankras hakugusa. "Mama Luisa, nikwambie ukweli. Pale nilipounga pamekwaruza. Nikiurudisha unaweza kukatika, tena ukamezwa na mashine. Labda tuupeleke kwanza Songea kwa mtaalamu."

Miaka yote Emerensiana alikuwa na hakika kwa niaba ya Luisa. Alikuwa na hakika atapona surua, atafaulu darasa la saba, atajifungua salama ingawa mama yake hakujifungua salama. Hakika hizo hazikumgharimu kitu. Hii ingeweza kumgharimu sauti ya dada yake, na yeye mwenyewe aliitamani sauti ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Akamgeukia Luisa.

"Sema wewe."

Luisa aliitazama redio. "Mimi sitaki kungoja tena, mama mdogo," alisema. "Rudisha, baba."

Pankras akarudisha kwa kalamu, kwa mkono, mzunguko mmoja mmoja. Emerensiana akawageukia mashabiki. "Mtu akifungua mdomo, atarudi Mbinga kwa miguu." Wakaziba midomo kwa viganja. Tarsisi alijiziba kwa kofia. Ambokile, ambaye hata sala yenyewe haijui, alijiziba kwa mikono miwili.

Kengele. Kimya. Kisha sauti ile, changa, imekauka kidogo kwa kushangilia, haina woga hata chembe.

"Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria."

Kwenye kaseti umati wa Ukata ulijibu kwa mbali, kama watu walio ng'ambo ya bonde. Ukumbini hakuna aliyejibu, ila mmoja.

"Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu," alisema Luisa.

Emerensiana aliinua mkono amnyamazishe, akaushusha. Anjelina akasalisha Salamu Maria, na Luisa akampokea, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee." Mmoja akiongoza, mwingine akijibu, hawakupishana hata neno. Hakuna kiganja kilichotoka mdomoni. Utepe ulikwaruza mahali pa kuungia, ukayumba, ukapita. Mama na binti wakasali hadi mwisho, wakamaliza pamoja, na kabla ya "Amina" kukauka gitaa likarukia hewani na mtu mmoja akacheka karibu kabisa na kipaza sauti, kicheko kifupi cha msichana.

Pankras akazima redio.

Luisa alibaki na mikono kifuani. Halafu akamtazama mama mdogo wake, uso umelowa, anatabasamu.

"Mbona anasali kwa haraka hivyo?"

"Alikuwa anataka kurudi kucheza," alisema Emerensiana, na hapo ndipo alipolia.